Ukuta Hupimwa kwa Nje

Usiku wa kuamkia Jumapili moja ya Desemba, mvua ikipiga bati kwa kishindo ambacho mtu hasikii hata redio iliyo kando ya mto wake, wezi waliingia kwangu Bwiru, jijini Mwanza, wakaondoka na pampu ya maji, mtungi wa gesi, baiskeli ya mwanangu na viatu vyote vilivyokuwa barazani. Asubuhi nilisimama uani nikiutazama ukuta wangu kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Ulikuwa ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6, futi 8 kwenda juu, umezunguka kiwanja chote, na geti lake la bati zito halikuwa hata na mkwaruzo. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikiutazama ukuta huo kila ninapopiga mswaki, na kila nilipoutazama nilijiona nimefika.

Siku hiyo alipita kunipa pole fundi mwashi mmoja mzee, aliyejenga misingi mingi ya mtaa wetu ingawa ukuta wangu haukupita mikononi mwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza swali ambalo sikulitegemea: ukuta huu ulipimwa ukisimama wapi? Nikamwonyesha mahali pale pale uani tulipokuwa. Akatikisa kichwa, akasema, "Hapa ndipo unapokaa wewe, mwanangu. Twende anapokaa yeye."

Tulizunguka nyuma. Huko, nje ya mpaka wangu na ndani ya kiwanja cha jirani, kuna jiwe kubwa la matale lililolala kama kiboko, mgongo wake ukiishia hatua moja tu kutoka kwenye ukuta. Mzee alilipanda taratibu, mikono nyuma, bila kuishika hata nyasi. Alipofika juu akageuka kunitazama, na ukuta wangu wa futi 8 ukawa umemfika kiunoni. Kwenye vumbi lililoganda juu ya ukuta, mvua ilikuwa imeacha alama ya kitu kizito kilichoburuzwa. Nadhani ni pampu.

Sijui kama ipo miji mingine katika nchi hii ambamo kosa hili hufanywa kirahisi kama Mwanza. Sisi tumejenga juu ya mawe, kati ya mawe na chini ya mawe, na hata picha inayotutambulisha kwa wageni ni ya mawe ya Bismarck yaliyosimama ndani ya maji ya Ziwa Victoria. Viwanja vingi vya Bwiru, Isamilo, Mabatini na Igogo viko kwenye miteremko, kwa hiyo ukuta mmoja ulionyooka unaweza kuwa na futi 10 upande wa bondeni na futi 4 upande wa mlimani, kutegemea mtu amesimama wapi. Mwenye nyumba huupima kutoka uani, alikosawazisha ardhi kwa jembe na sururu, naye mwizi huupima kutoka juu alikoikuta ardhi kama ilivyo. Mahesabu yangu yalikuwa mazuri mno kwenye karatasi. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita 100. Ukuta wa mita 2.4 unatoa mita za mraba 240. Tofali la inchi 18 kwa 9 likisimamishwa huingia kama 9 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo yanahitajika matofali zaidi ya 2,000 kabla ya kuhesabu nguzo, mkanda na msingi. Fedha hiyo yote ilishindwa na jiwe ambalo halikumgharimu mwizi hata senti.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia, ambayo mke wangu huiita ugonjwa, ya kutembea mitaani nikitafuta ngazi. Ngazi ziko kila mahali. Rundo la mchanga na kokoto lililobaki nje baada ya ujenzi, ambalo mwenyewe husema atalisomba wiki ijayo, ni ngazi. Mwembe uliopandwa na baba mwenye nyumba ukiwa mche, sasa una tawi linalovuka ukuta kama daraja. Tangi la maji lililowekwa kwenye kona kwa sababu bomba linaingilia hapo humsaidia mwizi wakati wa kutoka, jambo ambalo watu hulisahau: aliyeingia mikono mitupu anatoka na mzigo, na njia ya kutokea ndiyo anayoichagua kwanza. Matofali ya matundu yanayowekwa juu ya ukuta kwa ajili ya urembo na hewa huwa na nafasi inayoenea kidole gumba cha mguu kana kwamba yalipimiwa kazi hiyo. Hata kibanda cha kuku kilichoegeshwa ukutani kinatosha.

Lakini jiwe lilikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili niliipata kwa jirani mwenyewe, bibi mmoja mjane anayeishi peke yake na wajukuu wawili. Nilikwenda kumuuliza kama alisikia chochote usiku ule. Alinijibu bila kupepesa macho. "Nilisikia chuma kikigongwa, nikafungua dirisha, nikatazama kwenu. Nikaona ukuta. Ningejuaje kama ni wewe au ni mwizi?"

Sikuwa na jibu. Niliponunua kiwanja palikuwa na seng'enge ya nyuzi tatu iliyolegea, na katika miaka miwili ya kuishi nyuma ya seng'enge hiyo sikuwahi kuibiwa hata ndoo. Bibi alikuwa akiona nguo zetu kwenye kamba, akiona mgeni akiingia, akimkaripia mtoto wetu akipanda mpapai. Ukuta ulipokamilika tulifurahia faragha. Hatukufikiri kwamba faragha hiyo ni ya kila aliye ndani, mwenyeji na mwizi sawasawa, na kwamba mwizi anayefika uani akiwa amefichwa na futi 8 za saruji anaweza kufanya kazi yake kwa utulivu kuliko fundi aliyelipwa kwa siku.

Wazee wa Usukumani walilijua jambo hili kwa namna yao. Mji wa Kisukuma, yaani makazi ya familia moja, ulizungushiwa minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani isiyo na majani ya kuonekana, inayopandwa kwa kuchomeka vipande tu ardhini na isiyoliwa na mbuzi. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa muda, na kila aliyechezea minyaa utotoni anaikumbuka adhabu hiyo. Hata hivyo, hakuna aliyedhani kwamba minyaa peke yake ingemzuia mwizi wa ng'ombe. Iliwachelewesha ng'ombe na aliyewaswaga, ikamlazimisha atafute mlango, na ucheleweshaji huo ukampa mwenye mji nafasi ya kupiga mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada. Mwano ukipigwa, wa jirani anaupokea na kuupeleka mbele, mji hadi mji, mpaka wanaume wanatoka. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi, walisimama juu ya msingi huo huo wa watu kusikiana. Hukumu nyingine za sungusungu zilikuwa kali kupita kiasi na sizitetei. Nataka tu kusema kwamba katika mpango ule uzio ulikuwa na kazi ndogo inayoeleweka: kumchelewesha mtu mahali anapoweza kuonekana na kusikika. Ukuta wangu ulimchelewesha sekunde chache, tena mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Kwa hiyo nilipoanza kutengeneza upya niliacha kuuliza uzio upi una nguvu zaidi. Niliuliza vitu viwili: mtu akiuvuka atapoteza muda gani, na katika muda huo nani atamwona.

Ukuta mzima wa matofali unashinda kwenye swali la kwanza na kushindwa vibaya kwenye la pili. Mafundi wengi watakushauri matofali ya kulaza badala ya kusimamisha, na kweli ukuta wa kulaza ni mnene na imara zaidi, ila unakula matofali mara moja na nusu, na sijawahi kusikia mwizi wa mtaani aliyeshindwa kwa sababu tofali lililazwa. Fedha hiyo ni bora iende kwenye nguzo zenye nondo kila baada ya mita 3 na kwenye msingi. Wavu wa waya uliofungwa kwenye nguzo za zege unaonyesha kila kitu na ni nafuu, lakini hukatwa kwa koleo katika dakika moja. Unafaa zaidi ukipandiwa bogonvilia, ambazo miba yake huumiza na matawi yake hupiga kelele yakisukumwa. Ua la mimea linahitaji kupunguzwa kila baada ya mvua, la sivyo linageuka kichaka cha kujifichia, na nyoka nao hawakatazwi kuingia.

Nilichoishia kukipenda ni mchanganyiko: ukuta wa matofali wa futi 4 au 5 chini, na juu yake grili ya chuma yenye fito zilizosimama wima, nafasi kati ya fito na fito isizidi upana wa kiganja. Fito ziwe wima kwa sababu za kulala ni vidato vya ngazi. Kama lazima ziwepo mbili za kulala kwa ajili ya kushikiza, fundi azichomelee upande wa ndani. Mtu anayepita njiani anaona uani, nawe unaona nani amesimama nje kabla hujafungua. Watakaosema kwamba wapita njia nao wataona una gari na antena wana haki, na mtu anayekaa kwenye barabara kuu ya Nyakato atapima tofauti na mimi ninayekaa kwenye kichochoro ambacho kila apitaye anafahamika kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kuhusu vile vitu vinavyowekwa juu ya ukuta nina maneno machache. Vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji vinatisha paka. Seng'enge ya miba ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1874 kwa jina la Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, kwa ajili ya kuzuia ng'ombe, na ng'ombe hana gunia la kutandika juu ya miba. Mwizi analo. Ile ya wembe, iliyosokotwa kwa mviringo, ni kali zaidi na gunia halitoshi, lakini ifungwe juu ya kimo cha mtoto na isiachwe ikining'inia upande wa njia.

Uzio wa umeme unastahili maelezo zaidi, kwa sababu umeanza kuonekana kwenye majumba ya Capri Point na wengi tunautamani. Mashine yake hutuma mapigo mafupi sana, takribani moja kila sekunde, yenye volti elfu kadhaa lakini nishati ndogo. Viwango vya kimataifa vimeweka ukomo wa nishati hiyo kuwa jouli 5 kwa pigo, na hiyo ndiyo sababu mtu anarushwa na kushtuka badala ya kufa. Waya wa ukutani ukiunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 230, kama nilivyowahi kumsikia fundi mmoja akijitolea kunifanyia kwa bei nafuu, ni mtego wa kuua, na wa kwanza kuingia humo huenda akawa mwanao anayefuata mpira. Kisha kuna jambo la mawe yetu. Katika mfumo wa kawaida, mtu akigusa waya, umeme hupita mwilini mwake, ukaingia ardhini na kurudi kwenye mashine kupitia chuma kilichochimbiwa. Ardhi yenye udongo wa inchi chache juu ya mwamba wa matale haipitishi umeme vizuri, hasa Julai na Agosti ikikauka, na mwizi aliyesimama juu ya jiwe anaweza asisikie kitu. Dawa yake ni kupanga waya wenye umeme na waya wa kurudisha kwa kupokezana, ili anayepanda agusane na zote mbili. Fundi asiyekuuliza chochote kuhusu ardhi ya kiwanja chako hajajifunza kazi hiyo Mwanza. Na betri iwepo, kwa sababu umeme wa gridi ukikatika ndipo vibaka wanapotoka.

Geti huwa linasahauliwa kwa sababu ndilo sehemu tunayoipamba. La kwangu lilikuwa la bati tupu, na fundi aliyenifanyia ukaguzi alinionyesha kwamba bawaba zake zote zilikuwa zimetazama juu, maana yake mtu mwenye jeki ya gari angelinyanyua na kuling'oa likiwa limefungwa kufuli zote mbili. Alichomelea kipande kidogo cha chuma juu ya bawaba ya juu, kazi ya dakika tano. Akaliwekea kufuli kiboksi ili msumeno usiifikie, akajaza pengo la chini ambalo mtoto mwembamba angepita akimfungulia mkubwa wake. Nilimlipa kidogo kuliko nilivyolipia rangi ya dhahabu ya mikuki ya juu.

Taa nilizifunga mbili za sola zinazowaka zikihisi mtu. Zilifanya kazi vizuri mpaka wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, walipozigundua. Buibui wakafuata wadudu, wakasuka mbele ya kihisio, na taa ikawa inawaka usiku kucha kwa ajili ya utando. Sasa nazifagia kila Jumamosi.

Nilidhani hapo nimemaliza. Aprili iliyofuata, katika masika, upande wa mlimani wa ukuta uliokuwa umebaki kama ulivyo ulianguka wote kwa mkupuo, mita 9, saa kumi alfajiri. Fundi wa kwanza hakuweka matobo ya kupitishia maji, nami sikumuuliza kwa sababu niliona tobo ni udhaifu. Maji ya mlimani hayana adabu ya kufuata bikoni. Yanashuka yanakokujua, na ukiyazuia kwa ukuta yanalowesha udongo nyuma yake mpaka unakuwa mzito kiasi ambacho tofali la inchi 6 haliwezi kukibeba. Tulijenga upya kwa msingi wa mawe, mapana chini na membamba juu, tukapitisha mabomba ya inchi 2 chini ya ukuta kila baada ya mita moja na nusu, na nyuma yake tukajaza kokoto. Kwa usiku nane, kati ya kuanguka na kumalizika, nililala sebuleni nikiwa na tochi na rungu, na kila mbwa aliyebweka Kitangiri nilimsikia. Mwenye kiwanja cha mteremko asiyefikiria maji wakati anafikiria wezi atalinda nyumba yake kwa miezi minane ya mwaka.

Wenzetu wa ufukweni wana hesabu nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo ukuta unaoshuka mpaka majini unaweza kubomolewa hata kama umelipiwa vizuri. Na ziwa lenyewe halina mpaka wa kudumu: mwaka 2020 lilipanda kufikia rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na nyua nyingi za chini zikawa ndani ya maji, nguzo zikionekana vichwa tu. Mtu anayeamini kwamba upande wa ziwa umefungwa na maji akumbuke kwamba mtumbwi wa kasia hauna sauti. Mashine za boti na nyavu huibwa kwa njia hiyo.

Lile jiwe, je? Nilitaka lipasuliwe. Waponda mawe wetu wanajua kazi: wanalichomea moto wa magogo na matairi mpaka linatema ngozi, kisha nyundo. Nilikwenda kwa bibi kuomba ruhusa, nikiwa nimebeba kilo mbili za sukari, nikijua jiwe liko kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanipeleka juu ya jiwe lenyewe, ambalo siku hiyo lilikuwa limetandazwa michembe kutoka ncha hadi ncha, vipande vya viazi vitamu vikikaukia juani, na wajukuu wake wamekaa pembeni na fimbo wakifukuza kuku. Jiwe hilo, alisema, ndilo kianikio chake tangu alipoolewa, na halipasuliwi.

Basi tulibomoa mita 6 za ukuta mbele ya jiwe, tukaweka grili ya wima inayopanda futi 7 kutoka kwenye mgongo wa jiwe, tukiipima tukiwa tumesimama juu yake. Mzee fundi alisimamia kipimo mwenyewe. Bibi sasa huanika michembe yake akiwa anaiona baraza yetu yote, na asubuhi, kabla sijamwamkia, huniuliza kwa nini taa ya jikoni iliwaka saa tisa usiku, na yule kijana wa pikipiki aliyeleta mzigo Jumanne ni nani.